Mhandisi wa Tiba: Masomo Yake, Gharama Zake na Njia ya Utafiti

Barabara itokayo katikati ya mji wa Mwanza kuelekea Musoma hupita Mabatini na kufika Buzuruga, kata ya Ilemela ambayo wasafiri wengi huijua kwa stendi yake ya mabasi. Wenyeji huijua pia kwa kituo chake cha afya. Mtoto ashikwapo na kichomi usiku, hapo ndipo mahali pa kwanza pa kukimbilia. Hali ikizidi, huanza safari ya kupanda kilima cha Bugando, ilipo hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.

Katika safari hiyo fupi mgonjwa hukutana na vyombo vingi kuliko anavyofahamu. Ipo mizani ya watoto, kipimo cha mgandamizo wa damu, hadubini ya kutazamia vijidudu vya malaria, jokofu la chanjo, mashine ya oksijeni, na huko juu kilimani mitambo ya eksirei na mingine mikubwa zaidi. Karibu vyote vimebuniwa na kuundwa mbali sana na Ziwa Viktoria, kwa ajili ya hospitali zenye umeme, hewa na mafundi wa namna nyingine. Taaluma ya kuvibuni vyombo hivyo, kuvipima, kuvitunza na kuviboresha huitwa uhandisi wa tiba. Ni taaluma changa katika vyuo vya Afrika Mashariki, na wanafunzi wengi wapendao Fizikia humaliza shule bila kuambiwa kwamba ipo. Anayeambiwa huuliza swali moja papo hapo: nani hulipa?

Swali hilo lastahili jibu lisilo na mapambo. Fedha za kununulia mashine huonekana mara kwa mara. Fedha za kumsomesha na kumlea mtu atakayeifikiria mashine hiyo upya huja kwa vipande vipande, kutoka mifuko tofauti, na kati ya kipande kimoja na kingine pana pengo. Ajuaye pengo lilipo huweza kujiandaa kulivuka. Lakini kwanza hapana budi kuonyesha kazi yenyewe ni ipi.

Mashine moja na Fizikia iliyomo ndani yake

Ichukuliwe mashine ya oksijeni ya kawaida, ile itoayo lita 5 kwa dakika. Kwa umbo ni sanduku lenye magurudumu, lisilozidi kimo cha meza. Halina mtungi wa gesi. Huvuta hewa ya chumbani, ambayo asilimia 78 yake ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni, kisha huisukuma kwa kompresa ndani ya silinda iliyojazwa chembe za zeolaiti. Zeolaiti ni mango lenye vitundu vidogo mno, na ndani ya vitundu hivyo mna chaji za umeme ambazo huzishika molekuli za naitrojeni kwa nguvu zaidi kuliko zile za oksijeni. Naitrojeni hubaki, oksijeni hupita. Baada ya sekunde chache silinda hujaa naitrojeni. Hapo vali hugeuka, hewa hupelekwa kwenye silinda ya pili, na ile ya kwanza hupunguziwa mgandamizo ili iteme naitrojeni yake nje. Silinda mbili hupokezana hivyo mchana na usiku. Mashine nzima hutoa hewa yenye oksijeni ya asilimia 93 hivi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: ikishuka chini ya asilimia 82, mashine haifai kwa mgonjwa.

Faida yake kwa kituo cha afya ni dhahiri. Mtungi mkubwa wa gesi wenye lita 6,800, ukifunguliwa kwa lita 5 kila dakika, humalizika kwa muda wa saa 22 na dakika 40, kisha lazima upelekwe kujazwa. Mashine ya oksijeni haihitaji gari wala dereva, inahitaji umeme tu, kiasi cha wati 350. Ikiwaka siku nzima hutumia uniti 8.4.

Mambo huharibika hapo penye neno “umeme”. Mashine nyingi hufika Afrika kama misaada, na baadhi yake zilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Fundi mwema hutafuta transfoma ya kushusha volti, mashine huwaka, na kila mtu hufurahi. Walakini transfoma hubadili volti tu, mizunguko haibadili. Mota ya kompresa iliyokusudiwa mizunguko 60 sasa huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, hewa inayosukumwa hupungua, nayo mota yenyewe hupata joto kupita kiasi. Taa inawaka, ngurumo inasikika, mtoto amewekewa mrija puani, na usafi wa oksijeni hauko tena pale ulipoandikwa katika kitabu cha mashine. Pasipo kipimo cha oksijeni, hakuna macho yawezayo kuugundua upungufu huo.

Kuna unyevu pia. Zeolaiti hupenda maji kuliko inavyoipenda naitrojeni. Ikinyonya mvuke mwingi hupoteza uwezo wake, na hewa ya pwani ya ziwa haina uhaba wa mvuke. Kuna vumbi la barabarani lizibalo vichujio. Kuna kukatika kwa umeme na kurudi kwake kwa kishindo. Tena uso wa Ziwa Viktoria upo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 87 tu ya ule wa Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo kila mvuto wa kompresa huingiza hewa pungufu.

Nani huihudumia mashine hiyo?

Watu wanne tofauti huweza kusimama mbele ya sanduku lile lile, na kila mmoja huona jambo lake. Fundi mchundo husafisha kichujio, hubadili plagi na kukaza mirija. Fundi sanifu hufungua kifuniko, hupima volti na usafi wa oksijeni, hutambua vali iliyokwama na kuandika taarifa. Mhandisi huamua ni mashine ya aina gani inunuliwe, iwekwe wapi, ilindwe kwa kifaa gani dhidi ya umeme unaoyumba, na ihudumiwe kila baada ya muda gani. Mtafiti huuliza kwa nini mashine za aina hiyo hufa mapema katika mazingira fulani, huthibitisha sababu kwa vipimo, kisha hubuni dawa yake.

Wa kwanza na wa pili hawapaswi kudharauliwa. Watafiti wa Marekani, Robert Malkin na Allison Keane, walipochunguza maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, waliona kwamba stadi 107 tu za msingi zingetosha kurudisha kazini karibu theluthi mbili ya vyombo vilivyoharibika. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya hesabu ya vyombo zaidi ya 112,000 katika nchi 16, ulikuta kwamba asilimia 38 hivi vilikuwa havifanyi kazi. Ukiziweka takwimu hizo mbili pamoja, msiba unaonekana kuwa wa watu waliokosekana zaidi kuliko wa vyuma vilivyovunjika.

Lakini theluthi iliyobaki haitengenezeki kwa bisibisi. Hiyo yahitaji mtu wa nne, na huyo ndiye ghali kumpata.

Vyuo vilivyopo

Msingi wa elimu hii nchini uliwekwa zamani kidogo kwa majina mengine. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na Chuo cha Ufundi Arusha kikafuata mwaka 1978, vyote kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Mwaka 1981 ukaanzishwa huko Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, Chuo cha TATCOT cha kufundisha wataalamu wa viungo bandia. Watu wachache hukitaja wanapozungumza juu ya uhandisi wa tiba, ingawa mguu wa bandia ni chombo cha tiba kama kilivyo kipimo cha moyo, na chuo hicho kimefundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika, wengi wao wakilipiwa na mashirika yaliyotaka wataalamu hao warudi kwao.

Siku hizi anayemaliza Kidato cha Nne akiwa amefaulu vema Fizikia, Hisabati na Kemia aweza kuomba stashahada ya vifaa tiba katika Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT. Hapo hufundwa fundi sanifu. Anayemaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa sayansi aweza kuomba shahada ya uhandisi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ng’ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada hiyo mwaka 2011. Kenya nayo inayo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na kwingineko. Kwa mkaazi wa Buzuruga, Kampala si mbali zaidi kuliko Dar es Salaam. Masharti ya udahili hubadilika, hivyo ni vema mwalimu asome mwongozo wa mwaka ule ule badala ya kutegemea alivyosikia.

Swali ambalo walimu huulizwa mara nyingi ni kama mwanafunzi achague Biolojia au Hisabati ya juu. Uhandisi wa tiba hudai Fizikia na Hisabati kwanza. Biolojia yaweza kuongezwa chuoni. Hisabati iliyokosekana shuleni ni shida kubwa kuiokota baadaye.

Fedha za masomo ya kwanza

Katika ngazi ya kwanza njia inajulikana zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa shahada, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani chache zilizoteuliwa, za afya zikiwamo. Mwanafunzi asisahau maana ya neno mkopo: akishaajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe.

Ufadhili ni jambo lingine, maana haurudishwi. Mwaka 2022 Serikali ilianzisha Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika mtihani wa Kidato cha Sita na kuchagua sayansi, uhandisi, hisabati au tiba katika vyuo vikuu vya nchini. Kwa mwaka wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 3 kwa ajili ya wanafunzi 640. Mlango huo hufunguliwa na alama za mtihani, kwa hiyo anayeutaka huanza kuujongelea tangu Kidato cha Tano.

Mhitimu wa uhandisi anayo pia nafasi moja isiyosemwa sana. Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo, ambamo mhandisi mchanga hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu na kulipwa posho mpaka atimize sifa za kusajiliwa. Kwa kipindi fulani Norway iligharamia wahandisi wa kike katika mpango huo. Kwa mtu anayetaka utafiti miaka hiyo si ya kupoteza: ndipo anapoona jinsi mashine zinavyokufa.

Shahada ya pili

Hapa mambo huanza kutawanyika. Mpango wa Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa mwaka 1959, umewapeleka Waafrika wengi Uingereza kwa shahada za juu. Shirika la Ujerumani la DAAD limegharamia masomo ya juu nchini Ujerumani, na pia katika vyuo teule vya Afrika yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala, ilianza mwaka 2018 mpango wa shahada za uzamili za sayansi na uhandisi kwa fedha za Ujerumani, ambapo kijana husoma katika nchi jirani badala ya kwao.

Umoja wa Ulaya nao umegharamia mpango uitwao ABEM, wa kuwahamisha wanafunzi na walimu wa uhandisi wa tiba kutoka chuo kimoja cha Afrika kwenda kingine, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa miongoni mwao. Kabla ya hapo, kati ya miaka 2017 na 2019, Umoja huo ulilipia mradi wa kuwafundisha vijana wa Afrika na Ulaya kubuni vyombo vya tiba na kuiweka michoro yake wazi kwa kila mtu. Shule yake ya kwanza ya ubunifu ilifanyika Nairobi, Desemba 2017. Mradi huo ulipewa jina la UBORA. Yapendeza kuona Wazungu wakilihitaji neno la Kiswahili ili kuitaja kazi yao. Ingependeza zaidi kama michoro yenyewe ingeandikwa kwa lugha hiyo.

Kwa watoto wachanga upo mpango wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 katika Malawi, Kenya, Nigeria na Tanzania. Mpango huo haukupeleka vyombo hospitalini peke yake. Uliunganishwa na vyuo, DIT ikiwamo, ili mafundi wafunzwe na wanafunzi wabuni. Sababu ya kuanza na watoto wachanga ina ushahidi: huko Blantyre, Malawi, chombo cha bei nafuu cha kusukuma hewa ya mapovu kwenye mapafu kilipojaribiwa, watoto waliopona matatizo ya kupumua walikuwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni ya kawaida tu walikuwa asilimia 44. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Chombo chenyewe kilianza kama kazi ya wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu kimoja cha Texas.

Pengo

Mtu amemaliza shahada ya pili, ana miaka karibu 30, ana wazazi wanaomtazama na pengine mtoto. Ufadhili wa masomo umekwisha. Ruzuku kubwa za utafiti hutolewa kwa wenye majina. Ajira serikalini hutangazwa kwa kazi ya kutunza mitambo, ambayo ni kazi ya heshima, lakini haimpi hata siku moja kwa juma ya kufanya majaribio. Hapa ndipo watafiti wa uhandisi wa tiba hupotea: wengine huuza mashine kwa kampuni, wengine hubaki ng’ambo, wengine huwa watawala. Si kwamba wamekosa uzalendo. Wamekosa mshahara wa miaka mitatu.

Ruzuku ya kuziba pengo hilo ina tabia yake. Hailipii vifaa kwanza. Hulipia muda wa mtu. Mfano ujulikanao ni ruzuku ya K43 ya Kituo cha Fogarty cha Marekani, iliyobuniwa kwa watafiti wachanga wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Ilidai mtafiti awe na nafasi ya kazi katika taasisi ya nchi yake na atumie robo tatu ya muda wake katika utafiti. Mfuko wa AREF, ulioanzishwa mwaka 2015, ulifuata njia fupi zaidi: kumpeleka mtafiti wa afya wa Kiafrika miezi michache kwenye maabara nyingine ajifunze stadi moja na kuandika ombi lake kubwa. Muungano wa CARTA, ulioanza mwaka 2008 na kuongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, umewalea wanafunzi wa udaktari ambao tayari ni wafanyakazi wa vyuo na taasisi shirika. Katika yote hayo sharti moja hujirudia: uwe na mwajiri. Anayekaa nyumbani akisubiri ruzuku hana mahali pa kuipokelea.

Ndiyo maana nafasi ya mhadhiri msaidizi chuoni, ingawa mshahara wake si wa kujivunia, yaweza kuwa daraja. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021, uliweka fungu la kuwasomesha wahadhiri wa vyuo vya umma shahada za uzamili na uzamivu.

Ndani ya nchi, kazi ya kugharamia utafiti ilikabidhiwa mapema kwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, UTAFITI, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1968. Nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986. Chini ya Tume hiyo upo Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, ambao hutangaza mashindano ya ruzuku kwa maeneo ya kipaumbele. Fungu lake halilingani na mifuko ya ng’ambo, lakini ruzuku ndogo iliyotumika vema huwa ushahidi wa kuombea kubwa.

Umuhimu wa mfuko wa nyumbani ulionekana kwa uchungu mwaka 2025, wakati Marekani ilipokata misaada yake mingi ya afya, ikalifunga shirika lake la USAID, na kusimamisha mtindo wa kugawa fedha za utafiti kwa washirika wa nje kupitia vyuo vyake. Miradi iliyokuwa imesimama kwa nguzo moja iliyumba ndani ya miezi michache.

Ipo njia ya tatu, ya tuzo. Royal Academy of Engineering ya Uingereza huendesha Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Mshindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Mtanzania, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, kwa kichujio chake cha maji. Alikuwa amesomea udaktari wake Korea Kusini, akarudi. Mwaka 2018 tuzo ilikwenda kwa Brian Gitta wa Uganda na wenzake, kwa chombo walichokiita Matibabu, kinachopima malaria kwa mwanga unaopita katika kidole, bila kutoa damu. Kila mmoja alipata pauni 25,000. Ni fedha nzuri, ila kwa chombo cha tiba hazifikishi mbali: baada ya kubuni hufuata majaribio kwa wagonjwa, kibali cha maadili, na idhini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo Tanzania ni TMDA. Wasomaji wa magazeti huona tuzo; miaka iliyotangulia na itakayofuata haipigwi picha.

Swali kutoka Buzuruga

Watoa ruzuku husoma maandiko mengi. Andiko lisemalo kwamba mwombaji “anataka kuendeleza afya barani Afrika” husomwa na kuwekwa pembeni. Linaloshika jicho lina swali moja linaloweza kupimwa, na mwombaji aliye mahali panapofaa kulipima.

Kwa mfano: mashine za oksijeni zilizopo katika vituo vya afya vya pwani ya Mwanza hutoa usafi wa asilimia ngapi baada ya mwaka mmoja, miwili na mitatu ya kazi, na ni kipi huziharibu zaidi kati ya unyevu, vumbi na umeme? Swali hilo lina mashine za kuhesabu, lina kipimo kilichokubaliwa duniani cha asilimia 82, lina vyombo vya bei ndogo vya kupimia usafi, volti na unyevu, na lina mwisho. Jibu lake lingemfaa mnunuzi wa mashine wa Kampala na Kisumu pia. Sehemu ya pili ya andiko yaweza kuwa ya kubuni: kikausha hewa cha kuwekwa mbele ya kompresa, kinachoweza kutengenezwa na karakana ya mjini.

Andiko kama hilo huhitaji pia kibali cha maadili, mwalimu mlezi aliyekubali kwa maandishi, bajeti ambayo kila shilingi ina sababu, na barua ya kituo kitakachofanyiwa utafiti. Mwanza ina watu wa kuuliza. Utafiti wa tiba ulianza mjini humo mwaka 1949 kwa kitengo cha kuchunguza ugonjwa wa matende. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake hapo. Na Bugando pana chuo kikuu cha afya kilichoanza mwaka 2003. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa huo, NIMR, AMREF na chuo cha tiba cha London walionyesha kwamba kuyatibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 40 hivi. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima mwaka 1995. Swali lake lilipimwa kwenye vituo vya afya vya kawaida, si katika maabara yenye marumaru.

Zoezi la darasa

1. Mashine hutoa lita 5 kwa dakika za hewa yenye oksijeni ya asilimia 93. Hewa ya kawaida ina oksijeni ya asilimia 21. Tafuta kiasi kidogo kabisa cha hewa ambacho kompresa lazima ivute kila dakika. (Jibu: lita 22 hivi.) Eleza kwa nini mashine halisi huvuta zaidi ya hapo.

2. Hewa ina gesi ya agoni karibu asilimia 0.93, na zeolaiti haiwezi kuitenga na oksijeni. Ikiwa naitrojeni yote itaondolewa, onyesha kwa hesabu kwa nini usafi wa oksijeni hauwezi kuzidi asilimia 96.

3. Mota yenye ncha nne za sumaku huzunguka mara 1,800 kwa dakika kwenye umeme wa mizunguko 60. Tafuta mwendo wake kwenye umeme wa Tanzania. Kisha, kwa idhini ya mganga mkuu wa kituo cha afya kilicho karibu na shule, wanafunzi wasome vibao vilivyobandikwa nyuma ya mashine na kuorodhesha volti na mizunguko iliyoandikwa juu ya kila moja, bila kugusa swichi yoyote.